Hakuna Kisanduku cha Shemeji

Kila programu ya bajeti ninayoipakua kwenye simu, kabla hata haijanijulia hali, huniuliza kipato cha nyumba hii kwa mwezi ni shilingi ngapi. Kidole gumba hubaki hewani. Mwezi wa serikali au wa Mwaloni?

Nyumba yetu hapa Nyakato, Mwanza, inaendeshwa kwa kalenda mbili. Mimi ni mwalimu wa Historia. Mshahara wangu huingia tarehe ishirini na kitu, ukiwa umeshapitishwa kwenye makato yote yanayojulikana na moja au mawili yasiyojulikana, na ikifika tarehe tano unakuwa umehamia kwenye somo ninalofundisha. Mke wangu, Mama Kulwa, anauza dagaa, na dagaa hawana habari na tarehe.

Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na sola, lakini kanuni ni ile ile: dagaa hufuata mwanga, na taa ya mvuvi ina thamani pale tu ambapo angani hakuna iliyoizidi. Kukiwa giza, mitumbwi inatoka Igombe jioni, asubuhi sokoni Mwaloni, pale Kirumba, hakupitiki kwa ndoo na magunia, na mke wangu anaongea na simu mbili kwa mpigo. Mbalamwezi ikitanda, dagaa hawakusanyiki. Wavuvi wanatia nanga, wanashona nyavu, wanagombania madeni ya giza lililopita, na Mama Kulwa anarudi nyumbani kuja kukagua matumizi yangu. Giza nalo halikai mahali pamoja kwenye kalenda ya ukutani. Linasogea kidogo kidogo, mpaka unaweza kuupata mwezi wenye giza mwanzoni na giza jingine mwishoni, na katikati nyumba nzima inakula matembele.

Sasa mweleze hayo mtu aliyeandika programu akiwa ghorofani huko Ulaya. Ile ya kwanza niliyoijaza kwa uaminifu ilinipongeza giza lilipoiva: hongera, kipato kimepanda, weka akiba. Mbalamwezi ilipofika ikaniwashia taa nyekundu na kuniuliza kwa upole kama nimepoteza kazi. Mama Kulwa alisoma ujumbe ule begani kwangu.

"Mwambie achungulie dirishani," akasema, akaenda zake.

Na hapo bado mvua. Dagaa wakishanunuliwa wabichi huanikwa, mchangani au juu ya chanja, na wanahitaji jua. Ikinyesha kabla hawajakauka, wanaharibika, na mzigo ulionunuliwa kwa bei ya chakula cha watu unauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Mwaka jana ilitokea hivyo. Nikafungua programu kuhamisha mzigo kutoka kwenye kisanduku cha "Biashara" kwenda "Mifugo", ingawa kuku wenyewe si wetu, ni wa jirani, na jirani mwenyewe alikuwa hana fedha taslimu. Akalipa kwa trei za mayai. Nikaingia kwenye orodha ya sarafu. Zipo krona za nchi ambazo sijawahi kuzifundisha, zipo peso, ipo dhahabu, ipo hata bitcoin. Mayai hakuna.

Anayenisukuma katika yote haya ni mpwa wangu, mtoto wa dada, anayesoma uhasibu chuoni kule Malimbe na ambaye mwisho wa wiki hula kwetu. (Naye hayumo kwenye programu yoyote. Nimemtafutia kisanduku: si mtoto, si mpangaji, si mgeni. Anakula ugali wa watu watatu.)

"Mjomba," huniambia, huku akichukua kipande cha sato nilichokuwa nimeshakiwekea nia, "hela zenu hazina mfumo."

Ni yeye aliyenisimulia kwamba programu hizi zilizaliwa na lalamiko la mke. Kule California mwaka 1983, Scott Cook, baada ya kumsikia mkewe akichoshwa na kazi ya kulipa bili za nyumbani, alishirikiana na mwanafunzi aitwaye Tom Proulx, wakaanzisha kampuni ya Intuit na kutengeneza Quicken. Nami kwa kujifanya mtu wa maarifa nikamfikishia Mama Kulwa kisa hicho.

"Mke alilalamika," akarudia taratibu, "ikapatikana kampuni?"

Akaniangalia muda mrefu. Nikatoka nje kuhakikisha kama geti limefungwa.

Tuje kwenye bei. Ile inayosifiwa kuliko zote na Wamarekani, YNAB, inatoza dola 109 kwa mwaka, fedha inayokaribia laki tatu za kwetu, ili ikufundishe kubana matumizi. Mtu anayeweza kutoa laki tatu akaambiwe kwamba hana hela, huyo shida yake si bajeti. Sheria yake maarufu ni kwamba kila dola ipewe kazi. Nilicheka peke yangu kwenye daladala ya Buhongwa mpaka konda akaniuliza kama nitashuka. Mtaa wetu una vijana wenye shahada ambao hawana kazi, lakini shilingi zangu zote zimeajiriwa, tena nyingine zina kazi mbili, na zipo zilizoanza kazi kabla sijazipokea.

Na programu zenyewe hufa. Mint, iliyoanza mwaka 2007, ikanunuliwa na hao hao Intuit mwaka 2009 kwa dola milioni 170, ilikuwa ya bure na ilijiunganisha na akaunti za benki za watu ikijiandikia yenyewe kila walichotumia. Machi 2024 ikafungwa. Microsoft nao walikuwa na yao, Money, tangu 1991. Mwaka 2009 wakaacha kuiuza. Watu waliokuwa wameiamini kwa miaka wakaanza kuhama na hesabu zao mgongoni. Kaunta buku ya Mama Kulwa, ile ya kwaya tatu, yenye doa la mawese kwenye jalada na namba za simu za watu waliokwishahama mji, ipo tangu kabla pacha wetu Kulwa na Doto hawajazaliwa. Haijawahi kuomba isasishwe saa ambayo bando limebaki MB 40. Haijawahi kununuliwa na mtu. Kasoro yake ni moja tu: mimi siruhusiwi kuifungua.

Ukiandika neno "bajeti" kwenye duka la programu la simu, wengi wanaojitokeza hawana haja ya kukusaidia kupanga pesa. Wanataka kukukopesha. Picha ya mbele ni nguruwe wa akiba anayetabasamu. Ukiingia ndani unaombwa namba ya kitambulisho, picha ya uso, na ruhusa ya kusoma majina yote uliyohifadhi. Hiyo ya mwisho ndiyo dhamana yenyewe. Ukichelewa kulipa, taarifa inamfikia mkuu wa shule, muuza nyama na baba mkwe kwa wakati mmoja. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza kuzipiga marufuku programu na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni. Niliisoma orodha nzima, na mle ndani kulikuwa na majina matamu ya kumpa mtoto. Mtaani mikopo ya namna hiyo inaitwa kausha damu, jina ambalo angalau halimdanganyi mteja.

Basi mpwa akaniletea nyingine iliyojisifu kwamba haihitaji kuandikwa chochote. Inasoma ujumbe wa miamala kwenye simu na kujaza yenyewe. Nikairuhusu, ikasoma. Tatizo ni kwamba haikujua Kiswahili. "Umepokea" na "umelipa" kwake vilikuwa ndugu wa tumbo moja, na ikawa inafuata namba tu. Kila ujumbe wa muamala hutaja salio jipya. Yenyewe ikaamua kila salio ni kipato na kuyajumlisha yote, ya asubuhi, ya mchana, na lile lililobaki baada ya kununua vocha. Kwa muda nikawa tajiri wa Capri Point. Nilimwonyesha Mama Kulwa jumla ile kwa fahari, naye akaniomba nimpe nusu.

Halafu ikaukuta ule ujumbe ambao kila Mtanzania mwenye laini ameshatumiwa: ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja la fulani. Sisi tunacheka na kufuta. Programu haikucheka. Iliuingiza kwenye orodha ya madeni yanayokaribia kuiva, ikatega kengele, na alfajiri ikaniamsha kunikumbusha kwamba bado sijalipa. Tapeli amepata karani asiyelipwa, tena ndani ya simu yangu, anatumia chaji yangu.

Lakini hata ingekuwa imesoma Kiswahili hadi chuo kikuu, ingefanya nini na "tuma na ya kutolea"? Shemeji wa Sengerema akiomba elfu ishirini, haombi elfu ishirini. Anaomba elfu ishirini mkononi mwake, zikiwa zimehesabiwa na wakala. Kwa hiyo natuma ishirini, naongeza ya kutolea, nakatwa ya kutuma, halafu anapiga kunishukuru kwa kunibipu, nampigia mimi. Programu inaona muamala mmoja wenye kichwa "Uhamisho". Mimi naona msafara. Tangu M-Pesa iingie Tanzania mwaka 2008 watu wa kawaida wamejifunza kuzipiga hesabu hizi kichwani, na Julai 2021 serikali ilipoongeza tozo ya miamala, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa kadiri ya kiasi, hesabu ile ikawa mtihani wa kidato cha sita. Kelele zikapigwa, ikapunguzwa, ikapunguzwa tena. Shemeji katika kipindi chote kile hakupunguza.

Au chukua umeme. Nimenunua LUKU ya elfu kumi, programu inaandika "Umeme 10,000", imemaliza, imeridhika. Usome ujumbe wenyewe sasa. Humo kuna VAT, kuna REA asilimia 3, kuna EWURA asilimia 1, na ukiwa ni ununuzi wa kwanza wa mwezi kuna kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 inapitia kwenye mita: ilianza na shilingi 1,000, ikapanda 1,500. Mimi ni mpangaji. Jengo si langu, hata rangi ya ukuta sikuichagua. Kiuhasibu, basi, kila mwezi ninamkopesha mwenye nyumba, mtu mwenye nyumba tatu na gari la kubebea mchanga, na hakuna programu iliyokubali kumwandika kama mdaiwa wangu. Nilimpigia kumweleza. Aliniambia yupo kwenye msiba.

Ilipofika hapo mpwa akasema dawa ni uhasibu kamili. Akaja na kompyuta mpakato yenye GnuCash, programu ya bure iliyoanza kutumika mwaka 1998, inayofuata utaratibu wa kuingiza kila hesabu mara mbili, ule ule ambao mtawa Luca Pacioli aliuchapisha Venice mwaka 1494. Kila shilingi iandikwe ilikotoka na ilikokwenda. Nilivutiwa sana na Pacioli mpaka nilipokumbuka kwamba alikuwa mtawa. Mtawa hana wakwe.

Tulikwama kwenye harusi. Nilikuwa nimechanga elfu hamsini kwa mwalimu mwenzangu aliyekuwa anaoza binti.

"Matumizi," akasema mpwa, kidole kikiwa kwenye kitufe.

"Mali," nikasema.

"Mjomba, hela imetoka. Umekula pilau, umekunywa soda mbili, umepiga picha na keki. Hayo ni matumizi."

"Kulwa na Doto wakioa, yule baba analeta. Tena wakioa siku moja analeta mara mbili."

"Kuna mkataba?"

"Kuna aibu."

Akatafuta kwenye menyu. Kulikuwa na Mali, Madeni, Mapato, Matumizi na Mtaji. Aibu haikuwepo, wakati ndiyo inayoendesha nusu ya uchumi wa Kanda ya Ziwa. Nilimweleza kijana kwamba mtu anayechangia harusi za wenzake kwa miaka ishirini ana hazina inayozidi ya wengi wenye akaunti ya benki, isipokuwa hazina yake inatembea mitaani, inazeeka, inahamishwa kikazi kwenda Katavi. Akasema kwa lugha ya darasani hiyo ni mali yenye hatari kubwa. Tukakubaliana walau kwa hilo.

Mbaya zaidi ilikuwa mikopo ya ndugu. Aliipanga yote chini ya Mali, vizuri kabisa, jina kwa jina, kisha akaniuliza ipi inalipika. Benki Kuu inazitaka benki zisivuke asilimia 5 ya mikopo chechefu. Mimi nimevuka hapo kwa shemeji mmoja tu. Mpwa akashauri, kwa sauti ya daktari anayekaribia kutoa habari mbaya, kwamba deni lile lifutwe vitabuni.

Mama Kulwa alikuwa pembeni akipeta mchele kana kwamba hatusikii.

"Mnamfuta kaka yangu wapi?" akauliza bila kuinua kichwa.

Kompyuta ikafungwa.

Mimi nikiulizwa programu bora ya fedha iliyowahi kutengenezwa na binadamu, kura yangu inakwenda kwa ile orodha ya kamati ya harusi kwenye WhatsApp. Haina grafu, haina nguruwe anayetabasamu. Ina majina kuanzia moja hadi mia na zaidi, ahadi, kilicholipwa, na tiki ya kijani. Kila mtu mmoja anapolipa, mweka hazina ananakili orodha nzima na kuituma upya, saa nne za usiku, ili na wewe ambaye hujalipa ujisome tena pale namba 47, huna tiki, umezungukwa juu na chini na watu wenye tiki, mmoja wao ni mwanafunzi wako wa zamani. Kisha anaongeza kwa upole: "Tunawashukuru waliokamilisha, tunawaombea wengine." Ile ya simu ikinikumbusha deni naizima sauti. Namba 47 haizimiki. Nimewahi kukopa ili niipate ile tiki, na nikalala usingizi mzito.

Kikoba cha Mama Kulwa nacho ni mtambo wa aina yake. Vikundi vya namna hii, vya kuweka na kukopeshana, vilianza kusukwa na shirika la CARE huko Niger mwaka 1991, vikasambaa mpaka huku kwetu, na sioni kampuni ya simu iliyovizidi kwa ulinzi. Kuna sanduku la bati lenye makufuli matatu. Funguo zipo kwa akina mama watatu, sanduku lenyewe linalala kwa wa nne. Hisa zinagongwa muhuri kwenye vijitabu mbele ya macho ya wote, na mwisho wa mwaka wanavunja na kugawana, siku ambayo waume wa mtaa mzima huwa wapole tangu asubuhi. Ile programu ya dola ilinitaka niweke nenosiri lenye herufi kubwa, namba na alama. Nenosiri la kikoba ni kwamba mwenye ufunguo wa kwanza na mwenye wa tatu hawasalimiani. Hakuna mdukuzi wa kulivunja hilo. Mchungaji mwenyewe amejaribu.

Mama mkwe anatuona wote tumepotea. Yeye ni mtu wa kibubu. Benki Kuu ilipotangaza kwamba noti zilizotolewa kati ya 1985 na 2003, pamoja na ile ya mia tano ya 2010, zibadilishwe mwisho tarehe 5 Aprili 2025, kibubu kile kilipasuliwa kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Sikuonyeshwa jumla. Nilitumwa tu kuleta mfuko mkubwa zaidi.

Na hapo ndipo ninapokuja kwenye jambo ambalo hakuna programu iliyolitabiri, nalo ni daraja. Miaka yote, kati yetu na wakwe wa Sengerema kulikuwa na maji na kivuko. Watu walikilalamikia kivuko cha Busisi, foleni, jua, kusubiri. Mimi sikuwahi kutia neno. Kivuko kile ndicho kilikuwa chombo pekee cha kudhibiti matumizi ya nyumba yetu. Foleni ikiwa ndefu, mkwe mmoja anaghairi. Ikiwa ndefu zaidi, wanaghairi wote na kutuma salamu, na salamu haina ya kutolea. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia akazindua Daraja la JPM pale Kigongo–Busisi, kama kilomita 3 juu ya ziwa. Nikiwa raia nilishangilia. Nikiwa mweka bajeti nilitafuta kiti.

Siku hizi simu inaita asubuhi: "Shem, tupo Usagara, tunakuja kuwasalimia tu." Ukishaambiwa Usagara umekwisha, kutoka pale hadi getini kwangu huna hata muda wa kuficha mayai. Wanashuka saba, wakiwa na furaha, na mkungu wa ndizi ambao nao sijui niuandike kwenye mapato au la. Mama Kulwa anamkamata jogoo. Ndiye jogoo ambaye mpwa, kwa kufuata kanuni za Pacioli, alikuwa amemwandika chini ya Mali ya Kudumu.

Kwa hiyo baada ya kuzifuta programu zote, sasa hivi tunatumia jedwali la Excel ambalo mpwa amelichora kwa masharti yangu. Januari, Februari na ndugu zao wameondolewa. Kuna safu za giza na safu za mbalamwezi. Kuna safu ya ahadi, ya makato, ya kutolea, na nyembamba moja ya mayai. Mwenye nyumba ameingizwa kwenye wadaiwa, kwa herufi nyekundu, hata kama hatajua. Shemeji amepewa karatasi yake peke yake, kwa heshima ya dada yake, na haikokotoi jumla. Chini kabisa kuna mstari wa Mengineyo. Ule niliupigania mimi binafsi, maana mpwa alitaka kila kitu kiwe na jina, na hiyo ni fikra ya mtu ambaye hajaoa. Kwa sasa Mengineyo imezipita Ada na Chakula kwa pamoja, na ukizingatia kwamba watoto wetu ni pacha, na ada zao, sare zao na viatu vyao hudaiwa siku moja, hiyo si kazi ndogo.

Kijana huyo huyo, bila kuniuliza, akaliweka jedwali lionekane kwenye simu zote mbili, yangu na ya Mama Kulwa. Anasema ndiyo uwazi. Jumamosi ijayo nitamwonyesha uwazi wa sufuria.

Jana nikiwa ofisi ya walimu nasahihisha, nikafungua kidogo kuangalia giza linakwendaje. Kisanduku kimoja cha Mengineyo kilikuwa kimegeuka njano, na pembeni yake pameandikwa, kwa herufi kubwa tupu: BABA KULWA, "VIFAA VYA KUFUNDISHIA" ELFU THELATHINI, JUMAMOSI SAA TATU USIKU. VIFAA GANI?

Nimemjibu kwamba ni ramani. Ameuliza ya wapi.